Vidole Vinne Chini ya Goti

Msalaba uliletwa saa nne asubuhi, umelazwa juu ya tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kufungwa kwa kamba ya mpira. Rangi yake nyeupe ilikuwa bado mbichi. Kijana aliyeusukuma aliuegemeza ukutani karibu na jeneza, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Sisi tuliokaa chini ya turubai la matanga tukausoma. Pascasie, kisha jina la baba yake, mwaka aliozaliwa na mwaka 2021. Chini ya hayo, kwa herufi kubwa kuliko zote: MAMA MABATI.

Hakuna aliyeshangaa. Wanawake wawili wa soko waliokaa nyuma yangu walicheka kwa pua.

"Wamefanya vizuri," mmoja akasema. "Kama bangeandika Pascasie tu, nani angejua iko nani?"

"Hata Mungu angeuliza," akajibu mwenzake.

Mate yalinijaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Jina lile alilipata kwa kosa langu, miaka kumi na tisa kabla ya siku hiyo, na watu wote pale walidhani alijitafutia mwenyewe. Mazishi yalikuwa saa tisa. Nilikuwa na saa tano za kuamua kama Pascasie atashuka ardhini nalo.

Niueleze kwanza mchezo, maana hata hapa Goma wengi hawaujui. Sofboli ililetwa na sista mmoja wa Québec aliyefundisha Kifaransa katika shule ya wasichana kabla ya vita vya kwanza. Alikuja na sanduku la glovu na kitabu cha sheria. Vita vilipofika aliondoka, akaviacha vyote kwa mwanafunzi wake wa zamani, Pascasie. Ni sofboli ya mrusho wa kasi: mrushaji anazungusha mkono mzima kama gurudumu, anauachia mpira kutoka chini karibu na nyonga, na mpira unafika kabla mpigaji hajamaliza kuwaza. Chini, kando ya miguu ya mpigaji, kuna bamba la pembe tano linaloitwa marbre. La kwetu Pascasie alilikata kutoka tairi la lori. Mpira ukipita juu ya bamba hilo, kati ya goti na kwapa la mpigaji, naye asiupige, mwamuzi anasema prise. Ukipita nje ya hapo, anasema balle. Prise tatu, mpigaji ametoka. Balle nne, anatembea bure hadi kituo cha kwanza, na waliomtangulia vituoni wanasukumwa mbele; anayezunguka vituo vitatu na kurudi kwenye marbre ameleta pointi.

Kwa hiyo kuna dirisha hewani, lisilo na mbao wala kioo, na mtu mmoja tu ndiye anayeliona. Tena halifanani kwa wasichana wawili. Mrefu ana la kwake, mfupi ana la kwake.

Mimi nilikuwa mdakaji wa timu ya mjini, mwenye miaka kumi na saba, na mdakaji anamjua mwamuzi kwa pumzi. Pascasie alisimama nyuma yangu, kati ya bega langu na mpigaji, ameinama, kidevu chake sawa na utosi wangu. Kichwa chake hakikusogea. Macho peke yake yalifuata mpira, tangu nyonga ya mrushaji hadi ndani ya glovu. Kisha alinyamaza kidogo kabla ya kusema. Siku moja nilimuuliza kwa nini anakawia namna ile na watu wanazomea.

"Ukisema mbio, mudomo iko inasema kitu macho haijaona," akanijibu. "Meza mate kwanza. Njo useme."

Tulimwita yaya, kama dada mkubwa. Siku za juma aliuza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, sokoni, na Jumamosi aliamua mechi. Hatukuweza kumdanganya. Wadakaji wana hila moja: unaudaka mpira uliopita nje na papo hapo unavuta glovu ndani, ili mwamuzi adhani ulipita ndani. Nilimfanyia mara moja tu.

"Béata," akasema nyuma yangu kwa sauti ndogo, wengine wasisikie. "Ile mupira nilishaiona kwa marbre. Kwa glovu yako ni habari ya jana."

Shida yake ilikuwa magoti. Wazazi wetu, hasa wale wa makanisa ya maombi, walikataa kabisa binti avae suruali, basi tulicheza na sketi ndefu hadi karibu na vifundo vya miguu. Mwamuzi atajuaje goti liko wapi ndani ya sketi? Kitabu cha sista hakikusema. Pascasie alichana pagne yake moja ya buluu, kitenge cha kujifunga, akapata vitambaa vyembamba, na kabla ya kila mechi alipiga magoti mbele ya kila msichana, wa timu hii na wa timu ile, akatafuta goti kwa kidole gumba juu ya sketi, akabandika kitambaa hapo hapo kwa pini mbili. Hapo ndipo dirisha lilipoanzia. Wajanja walikuwa wakikunja sketi kiunoni ili kitambaa kisogee juu na dirisha lipungue, maana dirisha dogo ni prise chache kwa mpigaji.

"Shusha sketi, mama," aliwaambia bila kugeuza uso. "Goti yako haijapanda mulima."

Hakumruhusu mtu mwingine kubandika, hata mama mzazi wa msichana.

Januari 2002 mlima ulipasuka na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Uwanja wa shule ulizikwa. Nyumba yetu ilizikwa pia, na ya Pascasie vilevile. Mama yangu, Mukamazimpaka, alitufanyia hema la turubai la msaada juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto ndani. Mvua iliponyesha mvuke ulipanda kutoka chini ya mikeka yetu, una harufu ya mayai yaliyooza. Harufu hiyo iliingia katika unga, katika maji, katika nywele za wadogo zangu. Mama alikohoa mpaka akatema vitu ambavyo alivifunika haraka kwa majivu ili tusivione. Kila asubuhi alitazama juu kwenye turubai na kusema neno moja: "Mabati." Hakusema kingine mpaka amenawa uso.

Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na palipo na waasi hapakosi mtu wa kula nao. Kwetu mmoja wao alikuwa Ntirenganya, mfanyabiashara wa mjini. Mwezi wa nane alitangaza kombe: timu ya mjini dhidi ya timu ya Kibumba, na kila msichana wa timu itakayoshinda atapewa mabati ya kufunika nyumba nzima. Wasichana wa Kibumba walikuwa na shida kama yetu, maana nyumba zao zilichomwa na vita. Watu walinong'ona kwamba mabati yale yalikuja bure kwa ajili ya waliounguliwa, kwamba tulikuwa tunashindania kitu ambacho tayari kilikuwa chetu. Walinong'ona, kisha wakaja kutazama mechi.

Siku moja kabla, tulikuwa tukifanya mazoezi Mugunga, ambako tulikuwa tumeokota mawe wiki mbili mpaka pakafanana na uwanja. Ntirenganya alifika na gari na wanajeshi wawili, anakula mshikaki, mafuta yanateremka hadi kwenye saa ya mkononi. Pascasie alikuwa ameketi anahesabu pini. Mimi nilikuwa karibu, nashona glovu.

"Mama arbitre," Ntirenganya akamwambia mwamuzi wetu, "ile dirisha yako, kesho inaweza kuwa kubwa kidogo kwa batoto ba Kibumba?"

"Iko sawa na goti yao, papa."

"Goti, goti. Mi niko naongea mabati, weye unaniambia goti. Hata weye hauna nyumba."

"Kama papa anataka kupanua dirisha, apanue ya kwake."

Wanajeshi walicheka. Ntirenganya akacheka pia, lakini alichelewa. Aliinama, akaokota kitambaa kimoja cha buluu kutoka mapajani mwa Pascasie, akafutia vidole, kimoja kimoja, akakitupa chini. Gari lilipoondoka Pascasie alikiokota kwa ncha za kucha kama mtu anayeokota panya. Alikwenda kukifua ziwani kwa sabuni, mara tatu. Aliporudi alinusa mkono wake, akarudi tena kunawa.

Mechi ikachezwa. Hadi awamu ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, tulikuwa mbele kwa pointi moja. Kibumba walikuwa wakipiga. Wawili wao walikuwa wametoka na alibaki mmoja tu wa kutoa, lakini vituo vyote vitatu vilikuwa na wakimbiaji wao. Balle nne kwa mpigaji zingewapa pointi ya kusawazisha. Zamu ikamfikia Umurerwa, mrefu kuliko wote uwanjani, binti wa mashamba ya viazi. Katika awamu ya tano alikuwa ameteleza chini ili kuifikia marbre, na kitambaa chake sasa kilining'inia kwa pini moja.

Pascasie alikuwa ameinama akifagia marbre. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza, na kocha wa Kibumba, mwalimu Anastase, aliita kutoka pembeni kwamba waendelee haraka kabla uwanja haujawa tope.

"Yaya, acha mimi nimubandikie," nikasema.

Alitazama wingu, akanitazama. Tangu asubuhi alikuwa amepiga magoti mbele ya wasichana wote, juu ya changarawe ya lava, na sketi yake ilikuwa imetoboka.

"Juu ya goti," akasema, akarudi kufagia.

Nilipiga magoti mbele ya Umurerwa. Nilitafuta goti lake kwa kidole gumba nikalipata, gumu, joto lake likipita kwenye kitambaa cha sketi. Nilijua liko wapi. Naandika hivyo ili mtu asiseme baadaye kwamba nilikosea. Nikashusha mkono vidole vinne, nikabandika hapo.

"Asante, ndugu yangu," Umurerwa akaniambia.

Nikavaa barakoa yangu ya nondo nikachuchumaa. Léocadie, mrushaji wetu, alikuwa na mpira mmoja unaokuja sawa kisha unaanguka mwishoni, kama jiwe lililofika ukingoni mwa meza. Alirusha na Umurerwa akakosa. Akarusha mingine, nje, nje, ndani, nje. Balle tatu, prise mbili. Mrusho uliofuata ungemaliza neno.

Mpira ulikuja sawa, ukaanguka, ukapita juu ya marbre usawa wa muundi wa Umurerwa. Hakuupiga, kwa sababu kila mtu anajua goti lake liko wapi. Niliudaka karibu na ardhi. Sikuvuta glovu, maana haikuhitajika. Nyuma yangu nilimsikia Pascasie akimeza mate.

"Prise."

Wenzangu walirukaruka. Mimi nilibaki nimechuchumaa, mpira mkononi. Mwalimu Anastase alikuja akikimbia, viatu vyake vya mjini vikiteleza.

"Arbitre, ile mupira ilipita kwa muguu, chini kabisa. Hata kipofu aliisikia."

"Ilipita juu ya kitambaa, mwalimu."

"Basi pima kitambaa. Pima mbele ya batu."

Umurerwa alisimama wima. Pascasie alipiga magoti kwa mara nyingine, akatafuta goti kwa kidole gumba, akasimamisha kidole hapo. Kisha akashusha vidole vya mkono wa pili kimoja kimoja kuelekea kitambaa, na watu wa Kibumba, waliokuwa wametuzunguka, wakahesabu kwa pamoja. Moja. Mbili. Tatu. Ine.

"Ni huyu mudakaji alibandika," Umurerwa akasema, akininyooshea kidole.

"Huyu ni mutoto," Anastase akasema. "Nani alimutuma?"

"Mimi nilimuruhusu," Pascasie akasema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu. Akageuka, akanitazama kupitia nondo za barakoa, akangoja. Alikuwa ananingojea nimalize sentensi yake: kwamba aliniambia juu ya goti. Alingoja kama alivyokuwa akingoja kabla ya kila uamuzi. Mimi nilikuwa nawaza turubai, na mama anavyofunika makohozi yake kwa majivu. Nikatazama glovu yangu.

"Geuza neno lako basi," Anastase akamwambia.

"Prise haigeuzwi, mwalimu. Niliona vile nilionyeshwa. Kosa ya kuachia kitambaa ni yangu."

Hapo Ntirenganya aliingia uwanjani chini ya mwavuli uliobebwa na mwanajeshi. Alimshika Pascasie mkono, akauinua juu kama wa bondia aliyeshinda.

"Mama arbitre," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "nilijua utanielewa."

Pascasie aliunyakua mkono wake, lakini watu walikuwa wameshaona kitu walichotaka kuona. Mwanamke mmoja wa Kibumba alimtemea mate begani. Pascasie hakufuta. Mvua ndiyo iliyofuta.

Mabati yalikuja baada ya siku tatu. Mama alicheza, alilia, aliyapiga kwa kiganja ili asikie sauti yake. Nilisema tumbo linauma nikalala nimejifunika. Lori lile lile lilipita kwa Pascasie, likamshushia mabati ambayo hakuyaomba, mchana, mbele ya majirani. Alikataa kuyapokea, wakayaacha yameegemea ukuta wake wa mawe, wakaenda. Hakuyagusa. Yalikaa pale nje mwaka, miaka miwili, naye anaishi chini ya turubai hatua tatu kutoka kwenye mabati mapya. Mtu angedhani kwamba jambo hilo lingewafungua watu macho. Walisema anangoja bei ipande. Watoto walipiga mabati yale kwa mawe wakipita na kuimba, "Mama Mabati, tupe kipande." Hakuitwa tena kuamua mechi yoyote. Timu zenyewe zilikufa, maana hakupatikana mwingine aliyekubali kupiga magoti mbele ya wasichana wote.

Sijui kama nilimchukia Ntirenganya kuliko nilivyojichukia. Yeye alikuwa mtu wa kufutia vidole vyenye mafuta popote, na kila mtu alimjua. Mimi niliambiwa "asante, ndugu yangu."

Tena mabati yenyewe yalikuwa takataka. Moshi wa mlima unakula chuma. Kabla ya miaka minne kwisha, ya kwetu yalikuwa na matundu, maji mekundu ya kutu yakidondokea kitandani kwa mama.

Mwaka huo wa nne nilikwenda sokoni kumwambia. Alikuwa anatwanga sombe, mikono ya kijani hadi kwenye viwiko. Umurerwa alikuwa ameshahamia mjini na alikuwa na meza yake ya viazi katika safu hiyo hiyo, meza mbili tu kutoka pale. Hawakuwa wakisalimiana.

"Yaya," nikaanza, "ile siku ya Mugunga..."

Hakuinua macho. "Meza mate kwanza, Béata."

Nikameza. Akanifungia sombe katika jani la mgomba, akanipa, nami nikaenda zangu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba amenisamehe, kwamba alinizuia nisijiumize. Huo ni uongo mtamu. Alinitaka nimeze, kisha niseme. Mimi niliishia kwenye kumeza. Waasi wa wakati ule waliondoka, wakaja wengine 2012, wakaondoka nao, na mimi nikaendelea kununua sombe kwa mtu mwingine.

Mwezi wa tano 2021 mlima ulipasuka tena. Tuliambiwa tuhame, na mji mzima ukatembea kuelekea Sake. Umri wa Pascasie haukuwa tena wa safari kama ile. Alikunywa maji ya njiani, akaharisha siku nne kando ya barabara, watu wakipita wameziba pua. Mpwa wake Lionel alimrudisha mjini amekauka kama jani. Alikufa mwezi wa sita.

Sasa Lionel alikuwa ametandika mkeka karibu na jeneza, na juu yake ameweka vitu vichache alivyovikuta chini ya kitanda cha shangazi yake: bamba la tairi la pembe tano, ufagio mdogo, na furushi la vitambaa vya buluu vilivyokunjwa na kupigwa pasi.

Saa saba Ntirenganya aliwasili. Alikuwa mzee, mnene, na viti vya plastiki tulivyokalia vilikuwa vyake. Msalaba nao aliulipia yeye. Alipewa neno la kwanza.

"Ndugu zangu," akasema, "huyu mama nilimujua. Wengine banafanya kazi ya macho lakini habaoni. Yeye aliona mahali pa kuona." Akakonyeza. "Tulishinda Kibumba ju yake. Batoto balilala pakavu. Kuna ubaya gani? Mimi nasema, Mama Mabati, lala salama. Njo maana niliwaambia baandike jina lake yenye kupendwa."

Watu walicheka. Ni hicho kilichonitoa kitini, si maneno yake. Walicheka kwa ukarimu, kwa upendo hata, kama mnavyocheka na mwizi wa zamani ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Walikuwa wamemsamehe Pascasie kosa ambalo hakulifanya, na wakajipenda kwa kusamehe. Harufu ya jeneza, ya wali na ya rangi mbichi ilinipanda puani kwa pamoja.

Nikasimama. Nikameza mate.

"Mimi ndiye nilibandika kile kitambaa," nikasema.

"Tunajua, mama," Ntirenganya akasema kwa upole. "Ulikuwa mutoto. Ulitumwa."

"Sikutumwa. Yaya Pascasie aliniambia juu ya goti. Nililipata goti, nikashusha vidole vinne. Alinitazama niseme, nikanyamaza. Nilitaka mabati."

Mama yangu, aliyekaa na wazee wa kike, alijifunika uso kwa pagne.

"Leo marehemu hawezi kujibu," Ntirenganya akasema. "Kila mutu anaweza kusema kitu anataka. Nani mwingine alisikia hiyo juu ya goti?"

Nilijua hakuna. Kulikuwa na mvua, na Pascasie alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilisikia."

Umurerwa alisimama kati ya wanawake wa soko. Hakunitazama.

"Nilikuwa nasimama hapo. Alisema juu ya goti. Nilisikia sawa vile namusikia huyu muzee sasa."

"Na ju ya nini haukusema?" Lionel akauliza. "Miaka kumi na tisa, mama. Ulikuwa unakaa meza mbili na yeye."

"Mudakaji alikuwa mutoto kama miye. Ukichukia mutoto mwenzako, hasira inaisha mbio." Alikaza fundo la pagne yake. "Arbitre alikuwa mukubwa. Alinitosha kuchukia."

Aliondoka mahali pake, akapita kati ya viti, akachukua kitambaa kimoja kutoka kwenye furushi la Lionel, akanipa. Kisha akasimama wima mbele yangu, pagne yake ya matanga ikimfika miguuni.

"Bandika," akasema. "Vile ulibandika siku ile. Bakuone."

Nilipiga magoti kwenye mawe. Nilitafuta goti lake kwa kidole gumba. Lilikuwa limevimba, goti la mwanamke anayebeba magunia. Nikashusha vidole vinne, na safari hii hakuna aliyehesabu. Sikuwa na pini. Nilikishika kitambaa pale kwa mkono mpaka watu wote walipokwisha kuona, hata wale wa nyuma waliosimama juu ya viti vya Ntirenganya.

"Hapo?" Umurerwa akauliza.

"Hapo."

Akanitoa mkono kwenye mguu wake kama anayejitoa ruba. Ntirenganya alikuwa akisema jambo kuhusu michezo ya watoto na heshima ya maiti, lakini alikuwa akilisema kwa dereva wake, wakielekea kwenye gari. Alisahau viti. Baadaye alituma watu kuvichukua.

Nilikwenda ukutani, nikaulaza msalaba chini. Jiwe la lava halitafutwi katika mji wetu. Nililichukua la karibu, lenye makali, nikaanza kukwaruza. Rangi haikuwa imekauka, kwa hiyo haikutoka vizuri. Ilipakaa, ikawa uji mweupe kwenye mbao, ikanijaa katika kucha. Lionel alileta mafuta ya taa katika kifuniko cha chupa. Mmoja wa wale wanawake wawili waliocheka asubuhi alitaka kunisaidia, nikamwambia aache.

Saa tisa kasoro, wabebaji walipokuwa wamejipanga, Umurerwa alikuja akainama juu ya msalaba. Jina la Pascasie lilikuwa limebaki, na chini yake mbao ilikuwa wazi, imechubuka. Alipitisha kidole gumba pale, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"M ya kwanza bado inaonekana," akasema.

Akaniokotea jiwe lililokuwa limenianguka, akaliweka mkononi mwangu, akaenda kusimama na wenzake. Wabebaji waliambiwa wangoje.